Mwana Aliyecheza Itanda

Wasomaji wetu wapenzi wajua kwamba si desturi ya ukurasa huu kuzungumza habari za ngoma za usiku. Mara nyingi twaandika juu ya ada za shule, bei ya mahindi, malezi na mambo ya ndoa, na twaona yatosha. Lakini tumepokea barua ya baba mmoja, mkulima wa mkoa wa Iringa, ambayo hatukuweza kuiweka kando. Tuliisoma mara tatu. Mwenyewe ametupa ruhusa ya kueleza habari yake pasipo jina, naye ataka jibu la wazi, kwa maana asema amechoka na majibu ya kuzungukazunguka.

Habari yenyewe ni hii. Mwanawe wa pili alikuwa mwanafunzi wa chuo mjini Mbeya. Mwezi Septemba 2022, badala ya kurudi nyumbani likizo kusaidia katika vinyungu, alipanda mabasi hata Uganda pamoja na rafiki zake, wakaenda kwenye tamasha la muziki kando ya mto Nile, karibu na Jinja. Wiki mbili baadaye jirani alimwonyesha baba video katika simu. Kijana alikuwa akicheza kati ya umati, midomo imepakwa rangi ya buluu, suruali imechanwa na kushikizwa kwa pini. Na juu yake, jukwaani, alisimama mwanamume mwenye gauni refu akipiga kelele katika kipaza sauti. Jumapili ileile habari ikafika katika jumuiya. Baba hakuuliza neno. Alibadili kufuli la nyumba, akaacha kulipa ada, akamtumia mwanawe ujumbe wa mstari mmoja. Mama, kama mama wa kila mahali, aliendelea kutuma fedha kidogo kidogo kwa simu. Baba alijua, akajifanya hajui.

Miaka ikapita. Kijana alimaliza chuo kwa fedha za vibarua, akapata kazi ndogo palepale Mbeya. Kisha bibi yake mzaa mama akafariki kijijini Rungwe, na ukoo wote ukakusanyika. Kijana naye alifika, lakini hakuingia uani. Alisimama njiani kwenye migomba pamoja na majirani. Baada ya maziko wazee wachache walianza kucheza, kwa desturi ya Wanyakyusa ambao tangu zamani huomboleza kwa miguu kama kwa machozi. Mzee mmoja akamwona kijana, akamvuta mkono. Akacheza. Bibi mmoja akavua kanga yake ya mabegani, akamfunga kiunoni, kama watu wafanyavyo wamtunzapo mchezaji, na watu wakasema kweli huyu ni mjukuu wa marehemu. Baba asema alitazama, akaona ni mguu uleule na bega lilelile aliloliona katika simu. Usiku ule hakulala. Ndipo alipotuandikia, akiuliza mambo mawili: kama ngoma ile ya Uganda ni dhambi, na kama alifanya vema kufunga mlango.

Tutajaribu kujibu, ingawa swali la pili latuuma kuliko la kwanza.

Kwanza na tuseme ngoma yenyewe ni nini, kwa maana wengi wanaoilaani hawaijui, na wengi wanaoisifu hawaijui vilevile. Tamasha hilo laitwa Nyege Nyege, nasi twakiri kwamba kalamu yetu ilisita kuandika jina hilo katika gazeti lisomwalo na watoto. Katika Kiganda neno hilo lina maana ya hamu ya ghafula ya kucheza, isiyozuilika. Maana yake katika Kiswahili kila mtu mzima aijua, na hatuna haja ya kuieleza. Lilianzishwa mwaka 2015 na wageni wawili wakaao Kampala, nalo huchukua siku 4, mchana na usiku. Miongoni mwa waliopandishwa jukwaani humo ni vijana wetu wa singeli, watoto wa Mburahati na mitaa mingine ya Dar es Salaam, ambao muziki wao huenda kasi ya mapigo 200 hata 300 kwa dakika, na ambao hapa nyumbani waliitwa wahuni kabla Ulaya haijawaita wasanii. Mwaka 2017 watu haohao wa tamasha walitoa santuri ya Sounds of Sisso, iliyokusanya kazi za studio moja ya Mburahati. Kadhalika walitoa mwaka 2020 santuri ya vijana wawili wa Nairobi wajiitao Duma. Nao si mnyama waliyemkusudia, bali giza, kwa lugha ya Kikuyu. Tuliisikiliza ili tusije tukasema tusilolijua. Dakika 4 zilitutosha.

Na si mbali na hao, mjini Kampala, kuna kikundi kiitwacho ANTI-MASS, kilichoanza mwaka 2018 kuandaa dansi za usiku kwa ajili ya watu wasiokaribishwa penginepo, hasa wale wanaovutwa na watu wa jinsia yao wenyewe. Muziki ni mkali, wa mashine, na michezo ya jukwaani ni ya kumshangaza mtu kwa makusudi. Mtindo huu una nasaba yake. Katikati ya miaka ya 1970, mijini New York na London, vijana wengi wao wasio na kazi walishika magitaa pasipo kujifunza sana, wakachana nguo zao na kuzishikiza kwa pini, wakajiita punk, neno ambalo kwa Kiingereza cha mitaani lilikuwa tusi, kama mhuni kwetu. Yapata miaka 10 baadaye, mjini Toronto, wengine waliojiona wametengwa hata na wahuni wenzao kwa sababu ya mapenzi yao, wakaanzisha tawi lao na kijigazeti chao. Nao pia walilichukua neno walilotukanwa nalo wakalivaa kama kofia. Jambo hili yafaa mzazi alijue. Mtu atukanwaye siku nyingi ana njia mbili: ajifiche, au alitwae lile tusi alipigie ngoma.

Je, kucheza hivyo ni dhambi? Kabla ya kujibu, yatupasa tukumbuke kwamba sisi wenye kuhukumu ngoma tumewahi kukosea, na kumbukumbu yatuaibisha kidogo. Babu zetu walicheza beni, ngoma iliyoanzia pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara pamoja na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Walivaa makoti na kofia za maofisa, wakapeana vyeo vya Kingi na Jenerali, wakapiga gwaride. Wamisionari wengi waliiona ni uasi na upotevu wa maadili, na serikali ya kikoloni iliitazama kwa jicho la shaka. Leo mganda, mtoto wa beni, huchezwa pwani ya Ziwa Nyasa mbele ya maaskofu, na hakuna anayeona vibaya. Ngoma nyingi tulizoambiwa ni za shetani zimo sasa katika vigango vyetu, na makayamba yamo karibu na altare. Padre Stephen Mbunga alipochapisha mwaka 1963 kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, walikuwapo bado watu waliodhani kwamba ngoma haina mahali katika nyumba ya Mungu.

Wala si Kanisa peke yake. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na mafuta ya kung'arisha ngozi. Hata siku ya kuanza haijafika, wasichana walishapigwa na kuvuliwa nguo hadharani Kariakoo, kwa jina la heshima ya mwanamke wa Kiafrika. Mwaka 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku mjini Dar es Salaam. Wale wasichana leo ni bibi zetu, na wengine wao ndio wenyeviti wa WAWATA. Kisha ikaja zamu ya Bongo Fleva, iliyoitwa muziki wa kihuni na kila mtu mwenye tai. Na mwaka 2010 watu wa Mbeya Mjini walimchagua Joseph Mbilinyi, yule aliyejulikana kwa jina la Sugu, awe mbunge wao. Iringa nayo ilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi, vijana wa kiwanda cha kukata almasi. Wazee wa mji huo wanaosema leo kwamba dansi la siku hizi ni uchafu, baadhi yao tunajua walikutana na wake zao kwenye sakafu ya Tancut. Huko Zanzibar, Septemba 2006, kikundi cha Uamsho kilipinga sherehe ya pwani ya kukumbuka miaka 60 tangu kuzaliwa Freddie Mercury, mwana wa Mji Mkongwe, kwa sababu ya mapenzi yake, na sherehe ikafutwa. Tangu 2019 pana nyumba ya makumbusho yake Shangani, na watalii hulipa kiingilio.

Twasema hayo yote si ili kusema kwamba kila kilichokatazwa jana ni chema leo. Hoja ya namna hiyo ni ya kivivu, na mwalimu wetu wa falsafa seminarini angeikata kwa kalamu nyekundu. Twasema tu kwamba macho yetu yana tabia ya kuona dhambi mahali palipo na ugeni, na kwamba mtu mwenye udhaifu huo hana budi kutazama mara mbili.

Basi na tutazame mara ya pili. Kilichomchoma baba yule zaidi, asema, ni mwanamume mwenye gauni. Sasa twauliza kwa upole: ni Mtanzania gani ambaye hajamcheka Joti akiigiza mwanamke? Familia nzima huketi mbele ya televisheni, baba, mama, watoto na padre aliyekuja kula chakula cha jioni, na wote hushika mbavu. Hakuna atajaye Kumbukumbu la Torati sura ya 22. Tena sura hiyohiyo, aya chache mbele, yakataza kuvaa nguo iliyofumwa kwa sufu na kitani pamoja, nasi hatujasikia mtu aliyekaguliwa koti lake mlangoni pa kanisa. Ni wazi, basi, kwamba si gauni lenyewe linalotuudhi. Twamcheka mchekeshaji kwa sababu twajua akishuka jukwaani atalivua. Hasira yaanza pale tunaposhuku kwamba yule mwingine hachezi, kwamba gauni lamwambia mtu jambo la kweli juu ya nafsi yake, au kwamba ataka sisi tufikiri hivyo. Mchezo ukigeuka ungamo, kicheko chakatika.

Wahenga wa falsafa waliliona tatizo hili. Plato, katika kitabu chake juu ya dola, hakutaka vijana walinzi wa mji waigize wanawake, wala watumwa, wala walevi, kwa kuwa aliamini kwamba mtu huwa kile anachokiiga. Kuna ukweli hapo. Mama akatazaye mtoto kuiga kigugumizi cha mwenziwe ana falsafa hiyohiyo. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyewasoma Wayunani vizuri kuliko sisi, alikuwa mpole zaidi. Alifundisha kwamba mchezo ni haja ya roho kama usingizi ulivyo haja ya mwili, na kwamba kazi ya waigizaji haina dhambi kwa asili yake ikiwa na kiasi. Juu ya mavazi ya jinsia nyingine alisema ni jambo baya kwa kawaida, hasa likichochea tamaa, na kwamba Torati ililikataza kwa sababu wapagani walilitumia katika ibada za sanamu. Ila akakubali kwamba haja yaweza kuliondolea dhambi, kama mtu akijificha adui. Wala tusimsahau Yoana wa Arko, msichana aliyechomwa moto tarehe 30 Mei 1431, na miongoni mwa makosa aliyosomewa, moja lilikuwa kwamba alivaa nguo za kiume na kukataa kuziacha. Waliomhukumu walikuwa watu wa Kanisa, wenye elimu. Mwaka 1920 Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu. Mara nyingi twafikiri juu ya wale mahakimu, jinsi walivyokuwa na hakika.

Hata hivyo, hatutaki kumdanganya baba yule kwa kumfanya aone ngoma ya Itanda ni ibada. Kuna mambo ndani yake tusiyoyapenda, na tungeyasema mbele ya mwanawe pia. Hatupendi pombe za siku 4 mfululizo, ambazo hulipiwa na kampuni zenye mabango makubwa kuliko jukwaa. Hatupendi namna uhuni wenyewe unavyouzwa, hata kijana maskini anunue kwa bei ghali suruali iliyochanwa kiwandani, wakati suruali ya baba yake imechanwa na jembe bure. Tena hatuamini kwamba kumshangaza jirani ni fadhila. Anayepanda jukwaani kusudi awachukize watu aweza kuwa na sababu, aweza hata kuwa na haki, lakini chukizo ni chombo chenye makali pande zote mbili, na mara nyingi humkata aliyekishika. Mara hii kilimkata mama mmoja huko Iringa ambaye hakuwahi kumtukana mtu. Kijana alipaswa kufikiri hilo. Na kama katika usiku ule palikuwa na uzinzi wa namna yoyote, wa mume na mke au mwingine, basi ulikuwa uzinzi, na ngoma haiufanyi kuwa kitu kingine.

Lakini kucheza na midomo ya buluu? Hatuoni dhambi ya mauti hapo. Twaona ujana. Baba hakuandika kama mwanawe ni mmoja wa wale wanaovutwa na jinsia yao. Aliandika alichokiona tu, nasi twamsifu kwa hilo, wala hatutakisia zaidi yake. Ngoma haisemi mtu ni nani. Mguu uliocheza Itanda ndio uliocheza matanga ya bibi, na kanga aliyofungwa kiunoni kule Rungwe ilikuwa vazi la mwanamke, ila hakuna aliyepiga picha.

Twaja sasa kwenye jambo zito zaidi, nalo ni hasira ya wakubwa. Tamasha hilo limetaka kufungwa mara mbili. Septemba 2018 Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku, akisema litaeneza ushoga na upotovu. Baada ya muda mfupi serikali hiyohiyo ikaliruhusu kwa masharti. Septemba 2022 Bunge likataka lisifanyike, na Waziri Mkuu, Robinah Nabbanja, akaruhusu, kwa masharti tena. Ndiyo mara aliyokwenda kijana wetu, kwenye maporomoko ya Itanda. Lokodo, aliyefariki Januari 2022, alikuwa padre kabla ya kuingia katika siasa. Hatulitaji hilo kwa kejeli. Alisoma vitabu vilevile tulivyosoma sisi, na twadhani aliamini kwa moyo alichokisema. Swali letu ni kama vitabu vile vyafundisha alilotaka kufanya. Kwa maana Tomaso yuleyule asema kwamba sheria ya binadamu haikusudiwi kukataza maovu yote, bali yale mazito, hasa yale yanayowadhuru wengine, ambayo yasipokatazwa jamii haiwezi kusimama, kama kuua na kuiba. Sheria ikitaka kufuata kila uovu hata chumbani na kila upuuzi hata jukwaani, itazaa maovu makubwa kuliko iliyoyafukuza.

Na imeyazaa. Usiku wa tarehe 4 Agosti 2016 polisi wa Kampala waliingia katika ukumbi wa Club Venom, ambako watu hao walikuwa na mashindano yao ya urembo. Mmoja aliruka dirishani kutoka ghorofa ya juu kwa hofu, akaumia vibaya. Novemba 2019 polisi walivamia baa moja ya mji huohuo, Ram Bar, wakakamata watu 127 kwa mpigo. Mwaka 2023 Uganda ikatunga sheria ambayo kwa baadhi ya makosa hayo yatoa adhabu ya kifo. Kwetu Tanzania sheria tuliyorithi kwa Waingereza, iliyoongezwa ukali mwaka 1998, yaweza kumfunga mtu maisha. Nayo hukataza tendo, wala haina neno juu ya kucheza, lakini umati wa watu hausomi vifungu. Twamfikiria yule aliyeruka. Alikuwa na mama. Mtu hawezi kuruka kutoka ghorofani kwa sababu anapenda dhambi. Huruka kwa sababu yu mlangoni mtu anayemwogopa kuliko kifo.

Msomaji mmoja atatuuliza: je, Kanisa limebadili mafundisho? La, halikubadili. Katekisimu yasema wazi kwamba matendo ya namna hiyo hayawezi kukubaliwa. Na katika namba inayofuata yasema kwamba watu wenyewe hawana budi kupokewa kwa heshima, kwa huruma na kwa upole, wala wasitendewe ubaguzi usio wa haki. Namba hizi mbili, 2357 na 2358, zaandamana katika kitabu kimoja. Wengi wetu tumejifunza kwa moyo ya kwanza, tukafunga kitabu. Marehemu Papa Fransisko, Januari 2023, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kuwa mtu wa hali hiyo si jinai, na kwamba maaskofu wanaounga mkono sheria za namna hiyo wahitaji kuongoka. Wengine barani mwetu hawakupendezwa. Sisi tulipendezwa, na twasema hivyo kwa jina la ukurasa huu.

Baba mpendwa, twarudi kwako na kwa kufuli lako. Umesema ulifunga mlango kwa ajili ya Mungu. Tusamehe tukikuuliza jambo kama ambavyo tungekuuliza katika kitubio: video ile usingeonyeshwa na jirani, ungeiona peke yako usiku, ungelifunga? Umeandika kurasa 4. Neno dhambi limo mara 2, na neno aibu tumelihesabu mara 11. Twashuku kwamba aliyeshika ufunguo si Mungu bali jirani. Nasi hatukucheki, kwani aibu ya kijijini yauma kweli. Watu huacha kukuomba uwe mdhamini wa ndoa, huacha kukuachia kiti cha mbele. Lakini ulimtoza mwanao deni ambalo hakukukopa wewe. Na huyo jirani aliyezungusha simu yake jumuiya nzima baada ya Rozari, hatujui kama amekwisha kuungama kusengenya. Ni amri ya 8, wala haijafutwa.

Waswahili husema mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Ni methali isiyopendeza mezani, lakini yafundisha vizuri kuliko hotuba nyingi. Baba asiyekubali jambo ana haki ya kusema hakubali. Asema mara moja, kwa sauti yake mwenyewe, mwana akiwa ameketi mbele yake na chai mkononi. Asipomwambia hivyo, mwana hapati nafasi ya kujibu, wala baba hapati nafasi ya kusikia pengine jambo asilolijua. Ulifunga kabla ya kuuliza. Hukujua alikwenda kutafuta nini, wala nani alimcheka akiwa mdogo, wala kwa nini umati wa wageni ulimpendeza kuliko vinyungu vyako. Hata mwana mpotevu wa Injili, ambaye fedha zake zilikwisha kwa anasa na hapana aliyepakwa rangi ya kumsingizia, alimkuta baba yake yuko njiani akitazama. Wako ndiye aliyesimama njiani, kwenye migomba, na wewe ulikuwa ndani ya ua.

Kwa hiyo jibu letu, ulilolitaka liwe wazi: swali la kwanza, tumekwisha sema, pana upuuzi na pana hatari, nawe waweza kumwambia. La pili, hapana, hukufanya vema.

Twakushauri usimwandikie barua ndefu. Kutoka Mbeya hata Iringa ni safari ya basi ya siku moja, na Septemba kazi ya vinyungu haimngoji mtu. Mwambie waja mwezi wa kumwagilia na mikono ni michache. Akija na pini katika suruali, mama atakuwa na sindano. Akija na rafiki, mtampikia ugali kwa hesabu ya watu wawili, na yatakayozungumzwa yatazungumzwa.

Umetuambia kwamba kufuli lilikuja na funguo 3. Wa kwanza unao wewe, wa pili ulimpa binti yako mkubwa. Mkeo, tulipomwuliza kwa simu juu ya ule wa tatu, alikohoa, akatuuliza kama mvua zimeanza huku kwetu.